Nilimwambia asirudi kazini, sasa ananitishia ofisi ya kazi. Nina kosa?

Swali: "Nina karakana ndogo ya samani yenye wafanyakazi sita. Mmoja wao yuko nami mwaka wa tatu sasa. Sijawahi kumwandikia mkataba kwa sababu namlipa kwa siku, kama kibarua. Mwezi uliopita mbao na bawaba zilipotea katika zamu yake. Nilipandwa na hasira nikamwambia asirudi, na malipo yake ya siku kumi na moja nimeyazuia kufidia hasara. Juzi amenitumia ujumbe kwamba atakwenda ofisi ya kazi. Je, nina kosa? Biashara yenyewe ni ndogo, kweli hizi sheria zinanihusu? Na hao watano waliobaki niwafanyie nini yasinikute tena?"

Jibu: Kabla hujafika mwisho wa jibu hili, mlipe hizo siku kumi na moja.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo kosa lako lililo wazi kuliko mengine yote, na ndilo rahisi kulirekebisha. Mshahara wa siku alizokwisha kufanya kazi ni deni unalodaiwa. Mbao zilizopotea ni dai lako dhidi yake, na bado hujalithibitisha. Sheria za kazi karibu kila mahali zinakataza mwajiri kukaa mwenyewe, akahesabu mwenyewe, akalipa dai lake kwa kukata deni la mwenzake. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unaruhusu makato kwenye mshahara kwa masharti na viwango vilivyowekwa na sheria, au na makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi tu. Mkataba huohuo unataka hesabu ya mwisho ya mfanyakazi ifungwe na kulipwa kazi inapokoma. Hasira ya mwajiri haimo katika orodha ya sababu za kukata.

Najua utauliza: nikimlipa, si nitakuwa nimekiri kosa? Hapana. Utakuwa umelipa kazi iliyofanyika, basi. Mtumie kwa njia inayoacha kumbukumbu, na kama ni taslimu, andika stakabadhi inayotaja tarehe za siku hizo kumi na moja, asaini. Usithubutu kuchomeka chini yake sentensi ya "sina dai lingine lolote". Sahihi uliyoipata kwa kumshikia mtu mshahara wake mpaka asaini haitakuwa na uzito mbele ya mwamuzi, tena itamwonyesha kwamba ulijua unachokifanya.

Sasa tuje kwenye neno "kibarua". Wewe umelitumia kama ngao, lakini sheria haiangalii jina mliloupa uhusiano wenu. Inaangalia mambo yalivyokuwa siku hadi siku. Pendekezo namba 198 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2006, limeorodhesha dalili ambazo mahakama nyingi hutumia kwa namna moja au nyingine. Jiulize: nani alipanga saa ya kuanza na kumaliza? Randa, misumeno na gundi vilikuwa vya nani? Angeweza kumtuma ndugu yake afanye kazi badala yake, au ulimtaka yeye mwenyewe? Mteja akiikataa meza, hasara ilikuwa ya nani? Alikuwa na wateja wengine, au riziki yake yote ilitoka kwako? Ukiyajibu haya kwa ukweli, utaona huyu ni mwajiriwa anayelipwa kwa siku. Kulipwa kwa siku ni namna ya malipo, hakubadilishi aina ya mtu.

Mfananishe na fundi umeme aliyekuja kufunga taa karakanani kwako. Alikuja na vifaa vyake, akakutajia bei ya kazi nzima, akafanya kwa ratiba yake, akaondoka kwenda kwa mteja mwingine. Huyo ndiye mkandarasi. Hata kampuni kubwa zenye mawakili wengi zimejikwaa hapa: mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi ile walikuwa wafanyakazi wenye haki za mshahara wa kima cha chini na likizo yenye malipo, ingawa karatasi za kampuni ziliwaita watu wanaojitegemea. Kama karatasi zao hazikuwasaidia, wewe usiye na karatasi hata moja utajiteteaje?

Na kutokuwa na mkataba wa maandishi hakumaanishi kwamba hakuna mkataba. Mlikubaliana kwa mdomo, akafanya kazi, ukalipa, miaka ikapita. Huo ni mkataba tayari. Kinachokosekana ni ushahidi wa masharti yake, na pengo hilo linakuumiza wewe kuliko yeye, kwa sababu sheria nyingi zinamtwika mwajiri wajibu wa kuandika masharti na kutunza kumbukumbu. Uingereza tangu Aprili 2020 mfanyakazi anatakiwa kupata maelezo ya maandishi ya masharti yake siku ya kwanza ya kazi. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2019 linatoa siku saba kwa mambo ya msingi kama mshahara na saa za kazi. Mahali ambapo mwajiri alipaswa kuandika na hakuandika, mwamuzi huelekea kuyapokea maelezo ya mfanyakazi, na sidhani kama ni uonevu.

Maana yake kwa mfuko wako ni kwamba huyu mtu huenda anadai zaidi ya hizo siku kumi na moja. Kuna likizo ya mwaka ambayo pengine hajawahi kuipata. Kuna saa za ziada. Kuna michango ya hifadhi ya jamii ambayo hukuipeleka kwa muda wote huo, na kwa uzoefu wangu hiyo ndiyo inayowashtua wenye biashara ndogo kuliko fidia ya kufukuza, kwa kuwa inakuja na riba na faini, na mara inapoibuliwa kwa mmoja, mkaguzi atauliza habari za wale watano.

Ukubwa wa biashara, basi. Swali lako ni la haki, kwani misamaha ya biashara ndogo ipo kweli. Ujerumani sheria kuu ya kuwalinda watu wasiachishwe kazi kiholela kwa kawaida haiwagusi waajiri wenye wafanyakazi wasiozidi kumi. Marekani sheria ya shirikisho inayokataza ubaguzi wa rangi, dini na jinsia kazini inamfikia mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 15. Hata Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, ambao ndio mama wa kanuni za kuachisha kazi, unaruhusu nchi kuwaondoa baadhi ya wafanyakazi kwa kuangalia ukubwa wa mahali pa kazi. Lakini misamaha hiyo ni finyu kuliko wenye biashara wanavyodhani. Mara nyingi inahusu jambo moja tu, na mengine yanabaki palepale: mshahara ulipwe, mtoto asiajiriwe, mashine iwe salama. Ujerumani hiyohiyo yenye msamaha, kumwachisha mtu kazi kwa mdomo ni batili hata kama mmo wawili tu; lazima iwe kwa maandishi. Kwa hiyo tafuta katika sheria ya nchi yako kama kuna idadi iliyotajwa, na imetajwa kwa ajili ya lipi hasa. Usijipe msamaha mwenyewe.

Tufike penye kiini. Kumwachisha mtu kazi kwa haki kunahitaji vitu viwili: sababu halali na utaratibu wa haki. Mkataba namba 158 haujaridhiwa na nchi nyingi, lakini mawazo yake yamo katika sheria za kazi za nchi nyingi. Mkataba huo unataja sababu za aina tatu, yaani uwezo wa mfanyakazi, mwenendo wake, au mahitaji ya uendeshaji wa biashara. Kisha unasema mtu asiachishwe kwa sababu ya mwenendo au uwezo kabla ya kupewa nafasi ya kujitetea, ila pale ambapo haiwezekani kumtarajia mwajiri ampe nafasi hiyo. Marekani ndiyo inayotajwa sana kwa kwenda njia tofauti, kwani karibu majimbo yote, isipokuwa Montana, humruhusu mwajiri kumwachisha mtu bila kutoa sababu, mradi isiwe sababu iliyokatazwa. Wengi husikia habari za huko wakadhani ndivyo ilivyo duniani kote.

Wewe umekuja na sababu, wizi, na bila shaka unaiona nzito. Hebu tuipime. Kuna kipimo ambacho waamuzi wa Uingereza wamekitumia tangu kesi ya mwaka 1978 iliyohusu maduka ya British Home Stores, nacho kinafaa kwa akili ya mtu yeyote hata pasipofuatwa sheria ya huko: je, mwajiri aliamini kwa dhati kwamba mfanyakazi ametenda kosa? Je, imani hiyo ilikuwa na msingi wa maana? Je, kabla ya kuifikia alichunguza kadiri inavyostahili? La kwanza unalo, maana hasira yako inaonekana. La pili na la tatu ndipo ninapoona shimo. Umesema vitu vilipotea "katika zamu yake". Ulihesabu stoo kabla ya zamu kuanza, au uligundua upungufu siku nyingine ukarudi nyuma kwa kukisia? Nani mwingine ana funguo? Bawaba huenda zilitumika kwenye kabati ambalo halikuandikwa daftarini? Na vipande vya mbao vinavyobaki, wafanyakazi wako wamezoea kuvibeba nyumbani bila mtu kuwauliza? Kama wamezoea, na wewe uliona ukanyamaza, ni vigumu leo kumwita mmoja wao mwizi kwa jambo ambalo wengine walilifanya mbele yako.

Zaidi ya yote, ulimuuliza? Katika maelezo yako yote sijaona mahali ambapo yeye alisema neno.

Wenye biashara hupenda kunijibu hapa kwamba kikao kisingebadilisha kitu, ushahidi ulikuwa wazi. Hoja hiyo ilifika mahakama ya juu kabisa ya Uingereza mwaka 1987, ikakataliwa: utaratibu ukirukwa, kuachishwa kazi kunaweza kuwa si kwa haki hata kama kikao kingeishia palepale, na uwezekano huo utaangaliwa wakati wa kupima fidia. Kwa maneno mengine, unaweza kuwa na sababu nzuri kabisa na bado ukalipa kwa sababu ya pupa. Na mzigo wa kuthibitisha sababu mara nyingi ni wako. Yeye hatakiwi kuthibitisha kwamba hakuiba.

Polisi ni njia nyingine kabisa. Unaweza kuripoti kama una msingi, lakini kesi ya jinai na suala la ajira hupimwa kwa vipimo tofauti, na moja halifuti lingine. Ninachokukataza ni kumtangaza mwizi kwenye kundi la mafundi wenzako la simu au kumpigia mwajiri wake mpya. Hapo utakuwa umejifungulia kesi ya kashfa juu ya hii uliyonayo.

Sasa ufanye nini? Una njia mbili, na kuchagua kati yake kunategemea majibu yako kwa yale maswali ya stoo.

Kama una ushahidi wa maana, mwandikie barua ya kufuta kauli ya siku ile. Mwambie kwamba maneno uliyomwambia yameondolewa, kwamba anabaki mwajiriwa, amesimamishwa kwa muda akilipwa, na anaitwa kwenye kikao. Barua itaje tuhuma kwa uwazi: kitu gani, kiasi gani, tarehe ipi, na unategemea ushahidi upi. Mpe siku za kutosha kujiandaa, na umruhusu aje na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Tatizo la karakana ndogo ni kwamba wewe ndiye mlalamikaji, shahidi na hakimu. Tafuta mtu mwingine aongoze kikao, mbia wako au mhasibu anayekutunzia vitabu, mtu ambaye hakuwa na hasira siku ile. Andikeni kila anachosema. Uamuzi usitolewe palepale mezani. Lala nao, kisha uandike pamoja na sababu zake. Na uwe tayari kwa kweli kwamba huenda akarudi kazini, maana kikao ambacho matokeo yake yalishaandikwa jana mwamuzi hukinusa upesi.

Kama huna ushahidi, na kwa ulichoniandikia ndivyo ninavyoona, ningeelekea kwenye suluhu. Kaa naye, mhesabiane: notisi, likizo ambayo hakuichukua, kiinua mgongo kama sheria yenu inakitoa, michango. Mkubaliane kiasi cha kufunga jambo, na makubaliano hayo yasainiwe mbele ya msuluhishi wa ofisi ya kazi kama utaratibu wenu unaruhusu, ili yasije yakafunguliwa tena. Itakuuma. Lakini linganisha na siku za kazi utakazopoteza ukienda na kurudi kwenye shauri, ukiwa na wafanyakazi watano wanaoangalia unavyomtendea mwenzao.

Ukiitwa, nenda. Wapo wanaoona wito wa ofisi ya kazi kama matusi, wakaupuuza, na uamuzi ukatolewa kwa kusikiliza upande mmoja. Muda katika mashauri haya ni mfupi: Ujerumani mfanyakazi ana wiki tatu tu za kupinga barua ya kuachishwa, na kwingine hesabu ni ya siku au miezi michache. Wewe pia utapewa muda wa kujibu, na ukipita umepita.

Na tafadhali sana, usitengeneze karatasi za zamani leo. Niliwahi kukaa upande wa mwajiri aliyeniletea mkataba "uliosainiwa" miaka minne nyuma. Ulikuwa umechapwa kwenye karatasi yenye nembo ya biashara, na nembo yenyewe ilichorwa mwaka mmoja kabla ya shauri. Mfanyakazi ndiye aliyeiona kwanza. Kabla ya hapo tulikuwa na nafasi ya kupunguza fidia. Baada ya hapo hakuna neno la mteja wangu lililoaminika tena, hata yale ya kweli.

Hao watano waliobaki ndio sehemu ninayoipenda, kwa kuwa bado hakijaharibika kitu. Mwandikie kila mmoja masharti ya kazi, kurasa mbili zinatosha: jina, kazi, tarehe aliyoanza, mshahara na siku ya kulipa, saa za kazi, likizo, ugonjwa, notisi ya kila upande. Tarehe ya kuanza iwe ile ya kweli, hata kama ni miaka mingi nyuma, na tarehe ya kusaini iwe ya leo. Usiwaambie waache kazi kisha uwaajiri upya ili hesabu ianze sifuri. Ujanja huo ni wa zamani na waamuzi wanaujua. Vilevile mkataba wa miezi mitatu unaorudiwa mara kumi kwa kazi ileile isiyokwisha, nchi nyingi huuhesabu kama ajira ya kudumu.

Saa za kazi zinahitaji daftari la mahudhurio lenye saa ya kuingia na kutoka. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka saa nane kwa siku na 48 kwa wiki, na saa za ziada zilipwe angalau mara moja na robo ya kiwango cha kawaida. Sheria nyingi za leo ni kali zaidi. Marekani hulipa mara moja na nusu baada ya saa 40. Bila daftari, mfanyakazi akisema alibaki mpaka usiku mwaka mzima, utamjibu kwa ushahidi gani? Kila malipo yawe na hati inayoonyesha kiasi, makato na sababu ya kila kato. Zitunze, Marekani inataka kumbukumbu za mishahara zikae miaka mitatu, na kwa shauri lako mwenyewe ningekaa nazo zaidi.

Ongeza ukurasa mmoja wa kanuni za karakana, kwa lugha wanayoielewa wote. Nani anashika funguo, nani anasaini vifaa vinapotoka stoo, vipande vya mbao vinachukuliwa kwa ruhusa ya nani, kosa gani linaleta onyo na lipi linaweza kumaliza ajira kwa mara ya kwanza. Kisha uzifuate kwa wote sawasawa, akiwemo yule mpwa wako kama yumo kati ya hao watano.

Kuna jambo hukuniuliza, lakini umesema ni karakana ya samani. Msumeno wako wa mviringo una kinga? Wafanyakazi wana bima ya ajali kazini? Vidole vya mtu vikikatika kwenye mashine isiyo na kinga, shauri la bawaba utaliona mchezo. Usalama kazini ni wajibu ambao biashara ndogo haisamehewi kwa udogo wake, nami ningeuweka mbele ya karatasi zote nilizozitaja isipokuwa zile siku kumi na moja.

Wale watano wasiguswe kwa sababu ya shauri hili. Mmoja wao akiitwa kutoa ushahidi, au akiuliza habari za michango yake, usimpunguzie zamu wala usimnunie. Kulalamika dhidi ya mwajiri kwa kuvunja sheria ni miongoni mwa mambo ambayo Mkataba namba 158 unasema hayawezi kuwa sababu halali ya kumwachisha mtu kazi.

Na ule ujumbe wake wa juzi, usiukalie kimya wala usiujibu usiku. Mjibu leo kwa maneno kama haya: "Malipo yako ya siku kumi na moja nayatuma leo. Kuhusu mengine naomba tukutane siku ya Jumatano saa nne asubuhi, unaweza kuja na mtu unayemwamini." Halafu kabla ya Jumatano, fungua daftari la stoo.